Kila Jeraha na Mtu Wake

Mtu akifiwa, akiachika, akifilisika au akitoka gerezani, watu wa Tanga huulizana kwanza jambo moja: nani yuko naye? Maswali ya dawa na ya pesa huja baadaye, ingawa vyote viwili vitahitajika. Utalisikia swali hilo Usagara, Makorora na Ngamiani kama utakavyolisikia Pangani na Mkinga, na jibu lake ndilo linalowafanya watu watulie au waanze kuhangaika. Wakiambiwa kwamba dada yake amekwisha fika kutoka Muheza, kila mtu anapumua. Wakiambiwa kwamba yuko peke yake, mtu anajitanda kanga na kutoka.

Nataka kulichukua swali hilo kwa uzito wake. Siku hizi yanasemwa mengi kuhusu mapenzi na ndoa kuwa ndiyo tiba ya moyo, na wengi husema kana kwamba binadamu anahitaji mtu mmoja tu wa kumpenda na kumwelewa, basi yatakwisha. Nikiitazama pwani hii ya kaskazini, na nikizisoma tafiti zilizofanywa Uganda, Zimbabwe na Kilimanjaro, naona jambo jingine. Wanaopona huwa wameshikwa na mikono kadhaa, na kila mkono una kazi yake. Yupo wa kulia naye. Yupo wa kumchekesha. Yupo wa kumwambia ukweli bila kumwogopa, yupo wa kumsikiliza bila kumjibu, na yupo wa kuhakikisha tu kwamba amekula. Kumtwika mtu mmoja kazi zote hizo ni kumwonea yeye na kumpunja aliyeumia.

Tuanze na msiba, maana hapo ndipo mgawanyo huu wa kazi unapoonekana waziwazi.

Turubai limefungwa uani. Nje wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, mmoja ana daftari la rambirambi mapajani. Ndani wanawake wamekaa chini juu ya mikeka, wamemzunguka mfiwa, mama wa makamo aliyempoteza kaka yake. Maziko yalikuwa jana. Tangu jana hiyo hajatia kitu tumboni, na jirani aliyekaa ubavuni mwake ameshika kikombe cha uji uliokwisha poa. Hasemi naye, anamgusa bega tu mara kwa mara. Ndipo anapoingia mtani, mama mtu mzima aliyejitia kichwani kofia ya marehemu bila kumwomba mtu ruhusa. Anakohoa vilevile marehemu alivyokuwa akikohoa, anavuta mguu vilevile, kisha anasimama katikati ya chumba na kudai deni lake: "Mmemzika na pesa zangu! Shemeji, leo silali njaa, nipeni jogoo wake au nimfukue mwenyewe!" Chumba kizima kinaangua kicheko. Mfiwa naye anacheka, anaziba uso kwa upindo wa kanga, halafu analia upya, safari hii kwa sauti. Baada ya hapo anapokea kikombe.

Mgeni akiona hayo atadhani ni utovu wa adabu. Lakini hebu tazama nani amefanya nini. Jirani alikuwapo tangu usiku, na kazi yake ilikuwa kukaa. Asingeweza kumchekesha mfiwa, kwa kuwa yeye naye alikuwa amebeba huzuni ya nyumba ile. Ndugu wa damu wasingethubutu kumwiga marehemu hata kwa mbali. Mtu baki kabisa angefanya vile, angefukuzwa. Mtani amesimama mahali pa pekee: yu karibu kiasi cha kuijua kofia na kikohozi, na yu mbali kiasi kwamba msiba haukumvunja. Tena ana wajibu. Mtani anayestahi jina lake haji msibani kuchekesha tu. Zamani ndiye aliyeshika jembe la kaburi, na hata leo utamkuta anakata kuni, anapakua wali na kutumwa kila kinachochosha. Ruhusa ya kutania analipia kwa jasho.

Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko juu Usambara ya Mashariki, anajulikana duniani zaidi kwa elimu ya ndege. Lakini mambo haya ya utani yalimshika. Mwaka 1941 alichapisha makala juu yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akaonyesha jinsi makabila yaliyopigana, au yaliyokutana katika njia za misafara, yalivyoishia kufungana kwa utani. Kila nikilifikiria jambo hilo naona hekima kubwa ndani yake. Watu waliokuwa hatari wao kwa wao ndio waliopewa idhini ya kuingia nyumbani mwa mwenzao siku nyumba hiyo ilipokuwa dhaifu kuliko siku zote. Ndani ya ukoo pia upo utani wa namna hiyo, wa mjukuu na babu au bibi yake, na wa mabinamu. Mtoto anayeogopa kumwambia baba yake kwamba ameshindwa mtihani humwambia bibi, kwa mzaha kwanza, na bibi humtania mpaka aibu ipungue ndipo wazungumze.

Msiba pia una kalenda yake. Matanga yana siku zake, kisha huanuliwa. Hitima ina siku yake, arobaini inafuata, na mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Kalenda hii inamwambia mfiwa mambo mawili kwa pamoja: una haki ya kuhuzunika, na watu watarudi. Mtu anayeomboleza peke yake hajui kama huzuni yake imezidi au imepungua mno. Aliyewekewa siku anajua kwamba siku ya arobaini mlango utagongwa tena, hata kama wiki mbili zilizopita hakumwona mtu. Eda yenyewe imekuwa kivuli kwa wajane wengine na kifungo kwa wengine, kutegemea kama ndugu wa mume wanaitumia kumhifadhi au kugawana mali wakati yeye yu ndani. Ibada ni ileile, na kinachotofautiana ni watu wanaomzunguka.

Sasa niende kwa mtu mmoja ambaye maandishi yake yanatuwezesha kuona uhusiano ukifanya kazi kwa miaka mingi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji wa Tanga, mwaka 1909, na akazikwa Machui mwaka 1962. Watu humkumbuka kwa tenzi, insha na riwaya. Lakini kuna kitabu chake kimoja ambacho hakukikusudia kiwe kitabu, nacho ni barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, mwalimu na mwandishi, kuanzia mwaka 1931 mpaka 1958. Ulenge alizihifadhi, akazihariri, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazichapisha mwaka 2002. Miaka 27 ya barua kati ya ndugu wawili si jambo dogo. Kazi ya serikali ilimhamishahamisha Shaaban. Alianza katika forodha mwaka 1926, akakaa Pangani, baadaye akapelekwa bara, kisha akarudi Tanga. Kila alikokuwa, alikuwapo mtu mmoja ambaye karatasi ingemfikia.

Katika Maisha Yangu, kitabu cha maisha yake mwenyewe, ametueleza alivyofiwa na mkewe Amina na kuachiwa watoto. Alimlilia kwa shairi linalobeba jina lake. Akawatungia watoto tenzi mbili za wosia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Sitaki kujidai kwamba naujua moyo wake, lakini mtiririko huo unasema jambo. Aliyemfariji hapo awali ndiye aliyeondoka. Watoto hawakuweza kubeba huzuni ya baba yao, na wala hakuwatwisha. Aliwapa mawaidha, yaani aliwatendea kazi ya ubaba, na kazi hiyo huenda ilimshika asianguke. Masikio yaliyobaki kwa mambo mazito ya mtu mzima yalikuwa kwingine, na ndugu alikuwa mmoja wa wenye masikio hayo. Wengi tuliozaliwa katika familia za pwani tunaujua mpangilio huu hata kama hatukuwahi kuutaja: mtoto humpa mzazi sababu ya kuamka asubuhi, lakini haulizwi ushauri wa huzuni.

Barua pia zinatufundisha kuhusu kukua. Shaaban Robert hakuwa na shahada, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni aliyeamua kuwa mwandishi mkubwa wa lugha yake wakati ambapo wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili walihesabika kwa vidole. Mtu hakui kuelekea kitu ambacho hakuna anayemwamini nacho. Anahitaji angalau mtu mmoja wa kumwambia, kabla hakijawa, kile anachotaka kuwa, na mtu huyo asicheke. Ulenge naye akawa mwandishi, hadithi zake za Nguzo ya Maji zikatoka mwaka 1951. Ndugu waliokuzana kwa wino.

Kwa wanawake wa pwani kazi hii ya kusikiliza imekuwa na mwenyewe kwa muda mrefu zaidi: somo, au kungwi. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwake, na akiolewa somo hakuachana naye. Mama mzazi ana haya za mama, na kuna mambo ya chumbani ambayo mwana hawezi kumwambia mama yake wala mama hawezi kuyasikia bila kukasirika na kwenda kugombana kwa wakwe. Somo anayasikia. Anajua pia lini aseme "vumilia, mwanangu" na lini aseme "ondoka." Makungwi wengi hulisema neno la kwanza kwa wepesi kuliko la pili, na hilo limewaumiza wanawake wengi mno. Kitchen party za siku hizi, zenye zawadi za sufuria na mashauri ya saa mbili mbele ya ukumbi mzima, zimechukua maneno ya somo zikaacha uhusiano wenyewe. Aliyekushauri mbele ya watu 200 huwezi kumgongea mlango usiku wa manane miaka mitatu baadaye.

Tanga ilijaliwa njia nyingine ya kutoa la moyoni, nayo ni taarabu. Mji huu ulikuwa makao ya Black Star Musical Club na Lucky Star, na ndimo alimokulia kisanaa Shakila binti Saidi aliyezaliwa Pangani. Mtafiti Kelly Askew aliishi Tanga katika miaka ya 1990 akipiga na kuimba na bendi za hapa, na katika kitabu chake cha mwaka 2002, Performing the Nation, alieleza kwa kirefu jambo ambalo kila mwenyeji analijua: wimbo wa taarabu humalizwa na anayetunza, yaani anayempa mwimbaji pesa. Mwanamke aliyedhulumiwa na shoga yake, au aliyeletewa mke mwenza, anakaa kimya ukumbini mpaka ubeti wake ufike. Hapo anainuka, anatembea taratibu mpaka mbele, noti iko juu, na anapita karibu na meza fulani kuliko inavyohitajika. Hakutaja jina la mtu. Mashoga zake wamenyanyuka naye, wanamfuata nyuma wakicheza. Tukisema wimbo ndio uliomtuliza, tumeona nusu tu. Nusu ya pili ni wale waliosimama naye, kwa kuwa wameuambia ukumbi mzima kwamba maumivu yake wameyaona na wanayakubali. Kisha kuna upande mbaya: aliyepitiwa na noti naye ana mashoga zake, na wiki ijayo watatunza wao.

Historia ya mkonge inatupa ushahidi wa aina tofauti. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na miongo michache baadaye mashamba yake yalikuwa yameyameza maeneo ya nyuma ya Tanga. Maelfu ya wanaume waliajiriwa kutoka mbali wakaitwa manamba, kwa sababu mkoloni aliwajua kwa namba zao. Hawakuwa na somo, shangazi wala kaka katika kambi zile. Mjini nako vijana walijiunga katika ngoma za beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande wa pili, zenye vyeo, sare na mashindano. Mwanahistoria Terence Ranger ameonyesha kwamba chini ya gwaride na tarumbeta vyama hivyo vilikuwa vikisaidiana kwa ugonjwa na maziko. Kijana aliyefika mjini bila mtu alipata wa kumzika, maana yake alipata wa kumwuguza pia. Undugu wa kutengeneza ulifanya kazi ya undugu wa damu pale ambapo damu ilikuwa mbali, na kwa hoja yangu hili lina uzito mkubwa: uwezo wa kuponyana haukai katika nasaba pekee. Unakaa katika wajibu unaojulikana na kuonekana.

Elimu ya kisasa ya nafsi inasemaje juu ya haya yote? Mambo mawili makubwa katika elimu hiyo yalichimbwa karibu na sisi kuliko tunavyodhani.

La kwanza lilianza Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Kampala mwaka 1954 na kuanza kuwatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya jirani, familia 26 zenye watoto wachanga 28. Alikaa nao sebuleni mchana mrefu, akitazama mtoto anavyotambaa kwenda kukagua kitu, anavyogeuka kumwangalia mama, na anavyorudi mbio akishtuka. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Kutokana na kazi hiyo, na ile ya John Bowlby wa Uingereza, ndipo ulipojengeka uelewa unaofundishwa sasa duniani kote: mtoto mwenye mtu wa kumrudia ndiye anayethubutu kwenda mbali. Kumshika mtoto vizuri hakumfanyi awe tegemezi, kunamfanya awe jasiri. Lakini kilichonigusa zaidi katika kazi ya Ainsworth ni jambo dogo. Akina mama ambao watoto wao walikuwa na utulivu zaidi ndio waliokuwa wepesi kusimulia mambo ya watoto hao kwa undani: anapenda kulala upande gani, anaogopa nini, jana alifanya nini kipya. Walikuwa wamemwangalia. Na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtu mzima aliyevunjika moyo. Anayemfaa ni yule anayegundua kwamba leo hakupitia dukani kama kawaida yake.

La pili nalo ni la Uganda, kusini magharibi, katika eneo lililopigwa vibaya na ukimwi. Mtafiti Paul Bolton na wenzake walichagua vijiji 30, na katika nusu yake wakaunda vikundi vya watu wenye huzuni kali, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Hakukuwa na vidonge. Kwa wiki 16 wanakikundi walizungumza juu ya uhusiano wao na watu: nani amekufa, nani wamegombana naye, maisha yamewabadilikia vipi. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya walioshiriki walikuwa na sonona. Walipomaliza walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, sonona ilishuka pia, kutoka asilimia 94 hadi karibu 55, kwa sababu muda na majirani wana kazi yao hata bila mradi, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuipuuza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Nusu mwaka baadaye nafuu ilikuwa bado ipo, na vikundi vingi vilikuwa vimeendelea kukutana vyenyewe baada ya watafiti kuondoka.

Harare nako, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza kila aliyelemewa na mawazo. Alianzia Mbare mwaka 2006. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita ni asilimia 14 tu ya waliokaa na bibi waliokuwa bado na dalili, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo sasa limefika mpaka Zanzibar. Ukimwona bibi yule wa Mbare utamfahamu mara moja. Ana umri wa bibi, kwa hiyo hashtuki. Hana undugu na mgonjwa, kwa hiyo siri haitarudi nyumbani kabla yake. Tena yupo pale kesho na keshokutwa. Ni yale yale yaliyompa somo nguvu zake.

Hapa lazima nizungumzie upande unaouma, kwa sababu makala nyingi za mapenzi na uponyaji huukwepa. Uhusiano wa karibu ndio unaotuumiza zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mengi ya majeraha ninayoyazungumzia yalitiwa na mume, mama wa kambo, mjomba aliyeaminiwa. Kumwambia binti aliyeharibiwa na jamaa yake kwamba "familia ndiyo tiba" ni kumrudisha kwenye mwiba. Tena siri katika mitaa yetu haina pa kulala. Mwanamume wa Ngamiani aliyeanza kuona mambo yasiyoonekana na wengine anajua kwamba akimwambia jirani leo, kesho baraza zima litakuwa na habari, na keshokutwa watoto watamwita chizi. Kwa hiyo ananyamaza. Wanaume wa pwani hukaa barazani saa nyingi kila siku, wakinywa kahawa, wakicheza bao, wakizungumza siasa na mpira, na mtu anaweza kufa kwa huzuni katikati ya baraza hilohilo. Ukaribu ule wa miili haujapewa kazi. Hakuna barazani aliyepewa wajibu wa kuuliza, na anayeulizwa hana ruhusa ya kujibu.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kutafiti kwa Wasambaa, alionyesha kwamba hapa kwetu mgonjwa mara nyingi haamui peke yake atibiwe wapi. Ndugu hukaa, hushauriana, huchanga, na kuamua. Mpango huo umeokoa maisha ya wengi ambao wasingeweza kujibeba. Huo huo umewachelewesha wengine, pale mjomba mwenye sauti anaposhikilia kwamba ni pepo na apelekwe kwa mganga wa tatu, wakati kijana anahitaji daktari wa akili mwezi huu. Ngoma za pepo zenyewe siwezi kuzibeza, kwa sababu mgonjwa hukalishwa katikati, akaimbiwa usiku kucha na kila mtu akamwangalia yeye, na kwa mke aliyepuuzwa miaka kumi hilo ni jambo kubwa. Lakini mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru hawezi kuponywa na kampani, hata iwe njema vipi.

Kwa bahati mkoa huu una mahali panapoonyesha kwamba dawa na watu vinaweza kukaa nyumba moja. Lutindi, kwenye miteremko ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, nayo inahesabiwa kuwa ya mwanzo ya aina hiyo Afrika Mashariki. Leo ni hospitali iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Wagonjwa wanapata dawa, na pia wanakwenda shambani, kwenye chai na bustani, wakifanya kazi bega kwa bega na wafanyakazi. Sipendi kulipamba jambo hili kupita kiasi, maana mradi wa kikoloni uliwatazama Waafrika kwa macho yake. Lakini wazo kwamba aliyechanganyikiwa aendelee kuwa mtu mwenye kazi mikononi na jina mdomoni mwa wenzake limedumu pale kwa zaidi ya karne moja.

Njia nyingine ya kukalisha tiba na watu pamoja, ile ya kuwaleta walezi ndani ya tiba, imejaribiwa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi na wakabaki na majonzi makali. Wasaidizi wasio madaktari walifundishwa kuwaongoza watoto katika vikundi, na walezi wakiwa na vikundi vyao, kisha mtoto na mlezi wakazungumza pamoja juu ya kifo chenyewe, jambo ambalo katika nyumba nyingi halitamkwi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Upande wa Kenya faida ilionekana mpaka mwaka mmoja baada ya tiba. Tanzania, baada ya mwaka huo, watoto waliopata tiba hiyo na wale waliopata msaada wa kawaida walikuwa wamepona kwa kiwango kinachokaribiana. Wengine watasoma hilo kama kushindwa kwa mradi. Mimi naliona kama swali zuri la kuulizwa: huo msaada wa kawaida ulikuwa na nini ndani yake? Nani alikuwa na watoto wale?

Mambo yamebadilika, na ninaowaona wakiumia zaidi ni wale waliobakiwa na mtu mmoja. Matanga yamefupishwa kwa sababu waajiri hawasubiri. Rambirambi zinatumwa kwa simu na kundi la WhatsApp linajaa mikono iliyounganishwa, wakati mfiwa amekaa na jirani mmoja. Vijana waliohamia Dar es Salaam wameoana na watu wa mikoa mingine, wakapanga nyumba yenye geti, na kila mmoja amegeuka kuwa mtani, somo, kaka na daktari wa mwenzake. Wakigombana, wote hao wanaondoka kwa pamoja. Halafu tunashangaa ndoa hazidumu. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vimeziba sehemu ya pengo hilo, na nawapongeza akina mama wanaoanza kikao kwa kuulizana hali kabla ya kufungua sanduku. Wapo wanaokatwa faini kwa kutofika, na hiyo faini inafanya kazi nzuri kuliko inavyoonekana, kwa sababu asiyefika anatafutwa.

Vijana walioingia katika heroini, ambayo pwani hii imeijua mapema na kwa uchungu, wanaonyesha mahali pa kuanzia kuirudisha mikono ile mingi. Methadoni ilianza kutolewa nchini Muhimbili mwaka 2011, na ni dawa ya kweli inayofanya kazi. Katika soba hausi, nyumba za wanaoacha dawa za kulevya, anayempokea mgeni usiku wa kwanza wa arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa hizo, huwa ni mtu aliyewahi kulala kwenye godoro hilohilo. Anajua lini amshike mkono na lini amwache atapike. Mama yake kijana amelia vya kutosha, na wiki hizi za mwanzo anaombwa apumzike. Atahitajika baadaye, kijana atakaporudi Usagara akiwa na afya na bila kazi, na majirani wakianza kuficha simu zao kila apitapo. Hapo atahitaji mtu wa kumwamini na duka, mtu wa kumtania kuhusu unene wake mpya, na mzee mmoja wa msikitini wa kumwuliza kila Ijumaa, mbele ya watu, "Vipi mwanangu, umeshindaje?" na kusimama asikie jibu. Wazee hao wapo. Hawajaombwa tu, na serikali ya mtaa ndiyo yenye orodha ya nyumba zao.